Wadogo zangu wa cherehani, bitana ya koti la zamani haifumuliwi kwa pupa

Kila bunda la makoti ya kiume ya Uingereza likifunguliwa kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, hakosi kijana anayeona bitana, yaani kitambaa cha ndani, imechanika kwapani, akachukua wembe na kuing'oa yote. Inauma kuona. Nje ni sufu ya kijivu isiyosema kitu. Ukilifungua, hariri nyekundu yenye korosho kama za kanga, na mikononi mistari juu ya kitambaa cheupe. Utamu wa koti uko humo, nawe unauweka kwenye vitambaa vya kupangusia mashine!

1. Kabla ya wembe, kagua mfuko wa ndani. Koti lililoshonwa kwa oda mara nyingi lina lebo yenye jina la mteja na tarehe. Irudishe mahali pake.

2. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa cha bitana pale mshononi, uuchome ujue ni kitambaa gani. Hariri hunuka nywele zilizoungua, viskosi (hariri bandia ya nyuzi za mbao) hunuka karatasi, aseteti (hariri bandia nyingine) huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Aseteti usiipake dawa ya kufutia rangi ya kucha, itayeyuka palepale. Viskosi ikilowa hulegea, usiikamue.

3. Hapa ndipo mnapoharibu, na mmeambiwa mara ngapi? Mnalaza koti juu ya bitana mpya, mnazungusha chaki, mnakata saizi ileile. Likining'inia linapendeza. Mvaaji akinyoosha mikono kushika usukani, mgongo unatanuka: sufu inakubali kuvutika, bitana inakataa. Mshono wa kwapa unaachia, au nyuzi za kitambaa zinaachana kando ya mshono, na hapo hakuna cha kuunga. Mafundi wa zamani waliacha rinda katikati ya mgongo. Liwe na kina cha sentimita 2.5, yaani ongeza sentimita 5 unapokata, kisha libane shingoni na kiunoni tu. Kwapani bitana ipande sentimita 1 hadi 1.5 zaidi, kwa kuwa inaruka juu ya akiba ya mshono, yaani ukingo wa kitambaa uliobaki ndani. Pindoni na mwisho wa mikono acha mkunjo wa sentimita 1.5 uliolegea. Ukiukaza, pasi ya mvuke ikipita tu, pindo linavutwa ndani na nje panafanya mawimbi.

Na kama ni kwapa peke yake, kwa nini ufumue? Shonea kiraka cha nusu mwezi kwa mkono, cha rangi inayokaribiana. Ukikuta vipande vya namna hiyo tayari, viache. Viliwekwa vinywe jasho.

4. Duara la kwapa lifunge kwa sindano ya mkono, mishono ya milimita 3 hivi.

5. Bitana ikiwa imekufa kweli, tafuta sehemu nzima, hata ya sentimita 20, uishone ndani ya mfuko wa kifuani, korosho zikitazama juu.