Usingizi, Hofu na Homa: Maswali Yenu Kuhusu Muda

Swali: Nililala dakika kumi, ndotoni nikaishi siku nzima. Je, muda wa ndotoni hukimbia? (Bombo)

Haukimbii. Wapo wanaojitambua wakiwa ndotoni. Walipoambiwa wahesabu hadi kumi humo ndani huku wakitoa ishara kwa macho, walitumia karibu muda ule ule wanaotumia wakiwa macho. Ndoto yako iliruka tu kutoka asubuhi hadi jioni.

Swali: Boda niliyopanda iligongwa, nikaona kila kitu polepole. Kwa nini? (Jinja)

Hukuona polepole, unakumbuka polepole. Mtafiti wa ubongo David Eagleman na wenzake waliangusha watu mita 31 hadi kwenye wavu, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Kila aliyeanguka alilikadiria anguko lake kuwa refu kuliko la wenzake kwa asilimia 36 hivi, lakini tarakimu zilizowakawaka haraka kwenye kifaa cha mkononi hazikumsomekea, ilhali angezisoma kama kweli angekuwa anaona polepole. Hofu hujaza kumbukumbu, basi ukirudi nyuma muda unaonekana mrefu. Usitegemee kwamba utapata nafasi ya kukwepa. Vaa helmeti, na abiria naye avae.

Swali: Nilisinzia kidogo tu kwenye usukani nikazinduka. Si mradi nilizinduka? (Arua)

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na bado mnaliuliza. Hicho "kidogo" umekipimaje? Kilichokuwa kikipima ndicho kilichozimika! Sekunde 4 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni karibu mita 89, na macho yanaweza kuwa wazi muda wote huo. Ukijikuta hukumbuki ulivyovuka daraja la Karuma, umeshachelewa kusimama. Redio na dirisha wazi havikuokoi. Toka barabarani kabisa, zima injini, kunywa kikombe cha kahawa, weka alamu ya dakika 20, ulale. Kahawa itaanza kazi ukiamka. Kaa tena dakika 15 kabla ya kuondoka, maana akili huchelewa kuamka kuliko macho. Na wenye mabasi wanaompa dereva mmoja safari ya usiku kwenda na kurudi wanahatarisha roho za watu.

Swali: Kwa nini upasuaji wa masaa matatu ulipita kama kufumba na kufumbua? (Mbale)

Dawa ya nusu kaputi huzuia kumbukumbu kuwekwa, usingizi wa kawaida hauzimi kiasi hicho.

Swali: Nikiwa na malaria usiku hauishi. Ni mawazo tu? (Gulu)

Si mawazo tu. Mwili ukipanda joto, hesabu ya ndani huenda mbio: dakika moja ya saa utaiona ndefu. Kwa hiyo usipange dawa kwa kukisia. Dozi ya pili ya Coartem ni masaa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula au maziwa. Anayekuuguza ndiye ashike saa.