Swali la lugha: Ndege hutoka upepo?

Msomaji wa Entebbe, mwendesha bodaboda, ameniandikia: "Mwalimu, nilisoma kwenye simu kwamba ndege moja ilirudi uwanjani kwa sababu bodi yake ilitoboka, presha ikapasuka, abiria nusura wafyonzwe na upepo wa nje. Wenzangu wa siteji walicheka sana, eti presha ni ugonjwa wa wazee. Sentensi hiyo ni Kiswahili kweli?"

Maneno yote ni Kiswahili. Shida ni kwamba mengine yamepewa kazi isiyo yao.

Wenzako wanacheka kwa sababu hata kwa Luganda mgonjwa husema ana puleesa. Lakini fundi wa tairi naye hupima presha, na hakosei. Vitabu vya sayansi vina kanieneo, yaani kani na eneo vimeungwa: nguvu ikigawanywa kwa eneo inalolisukuma. Kuna shinikizo pia, ila hilo siasa imeshalizoea mno. Katika habari ya kawaida mimi ningeiacha presha ilivyo. Ila presha haipasuki! Hupasuka kilichoibana, yenyewe hushuka.

Upepo nao? Tairi tunaijaza upepo, sawa, hayo ni mazoea na sina ugomvi nayo. Kwenye ndege neno hilo litapoteza watu, maana upepo wa rubani ni ule unaovuma nje. Andika hewa.

Kosa kubwa zaidi ni fyonzwa. Siku nyingine fundi akifungua vavu ya tairi yako, weka kidole pale juu. Utasikia hewa inakisukuma, na hutasema barabara inainyonya tairi. Ndege ni vivyo hivyo. Ikiwa kilomita 11 juu, hewa ya nje ina karibu robo tu ya presha ya usawa wa bahari. Ndani, mitambo huishikilia presha isipungue ile ya mahali penye urefu wa mita 2,400 hivi, palipo juu kidogo kuliko Kabale. Kwa tofauti hiyo, kila mita moja ya mraba ya bodi husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya tani tano, na msukumo unatoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo abiria aliye karibu na tundu kubwa husukumwa nje.

Nimesema tundu kubwa kwa makusudi, kwa sababu hapa Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wanauacha. Bodi ikibonyea au kukwaruzika, hewa bado imo, ingawa mafundi lazima waikague. Ikitoboka kitundu, hewa huvuja, na mitambo inayoingiza hewa muda wote huweza kufidia. Mlango au kipande kikichomoka, presha hushuka ghafla. Mabati yaliyoungwa kwa ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyoyashikanisha, yakiachana, bodi hufumuka, kama nguo mshono unapoachia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Boeing 737 ya Aloha Airlines huko Hawaii, Aprili 1988: nyufa ndogo ziliungana, kipande kirefu cha paa kikang'oka angani. Mhudumu mmoja alifariki, lakini ndege ilitua.

Halafu kuna choka. Bodi hutanuka kidogo kila safari, kisha hurudi, mpaka metali inachoka. Entebbe inahusika hapa. Tarehe 2 Mei 1952, ndege aina ya Comet iliyofanya safari ya kwanza ya kibiashara ya abiria kwa ndege ya jeti iliondoka London kwenda Johannesburg, na njiani ikatua hapo kesho yake. Januari 1954 ndege hiyohiyo ilisambaratika karibu na kisiwa cha Elba, Italia, watu wote 35 wakafa. Uchunguzi ulionyesha bodi ilikuwa imechoka, nyufa zikianzia kwenye kona za nafasi zilizokatwa katika bati.

Na tahadhari moja: presha ikishuka, rubani huishusha ndege upesi hadi mita 3,000 hivi, watu wapumue bila barakoa za oksijeni. Hapo ndege imeshushwa. Ukiandika "ilianguka", ndugu za abiria wataanza kulia.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Ndege ilirudi uwanjani baada ya bodi yake kutoboka na presha ya ndani kushuka." Abiria ningewaacha kwenye viti vyao, maana walikuwa wamefunga mikanda.