Mba haziishi na nywele zinanyonyoka, nifanyeje?

SWALI: Dada, nina miaka 24, mba haziishi na nywele za mbele zinanyonyoka, kila siku napaka mafuta ila naona ndo zinazidi.

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Hayo mafuta acha kupaka kwenye ngozi ya kichwa, maana mba zinachangiwa na fangasi anayekula mafuta ya hapohapo, kwahiyo unamlisha. Osha angalau mara 1 kwa wiki, shampuu ya mba iache dakika 5 ndo usuuze, na kucha usizitumie kujikuna plizi. Nywele 50 hadi 100 kudondoka kwa siku ni kawaida, ila kama unasuka za kubana fumua leo, kama husuki basi wahi kwa daktari wa ngozi mizizi ikiwa bado hai.