Hata soda ina faida na hasara

Jumamosi nimesahihisha rasimu 14 za insha za hoja, za vijana wangu wa tuisheni hapa Arusha. Mada: bodaboda zizuiwe kuingia katikati ya mji? Rasimu 11 zimeanza na "Katika ulimwengu wa sasa wa sayansi na teknolojia". Wadogo zangu, nawapenda, ila mtanipandisha presha. Shikeni haya matano kuhusu dai, yaani sentensi inayobeba msimamo wa insha yenu.

1. "Insha hii itazungumzia bodaboda" ni kibao cha dukani. Tumeshajua duka lipo. Unauza nini?

2. Dai liwe na mtu wa kulipinga. Hili nilifundishwa kwa aibu.

Nilikuwa Kidato cha Tano, tukapewa insha: je, Azimio la Arusha lilifaulu? Kutoka kwetu hadi Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni ni mwendo mfupi wa miguu, basi nikajiona mwenye mada, ingawa sikuwahi kuingia hata siku moja. Nikajaza kurasa tisa, vichwa vimepigiwa mstari kwa rula: TANU, Januari 1967, benki kutaifishwa Februari, vijiji vya ujamaa, vyote vimo. Dai langu lilikuwa hili: "Azimio la Arusha lilikuwa na faida nyingi, lakini pia lilikuwa na hasara zake." Niliona nimekomaa, sijamuudhi mtu.

Mwalimu akanisimamisha nisome sentensi hiyo tu. Akaligeukia darasa: "Anayepinga anyooshe mkono." Kimya. Hata jamaa wa dawati la nyuma, aliyezoea kupinga mpaka ratiba ya chakula, alitulia. "Hata soda ina faida na hasara," mwalimu akasema. "Kaa." Muhula mzima niliitwa Soda.

Kwa hasira nikaandika upya: "Azimio liliua uchumi wa nchi hii." Mikono ikawa msitu, nikachekelea. Mwalimu akataka ushahidi. Nilikuwa nao mmoja: bibi yangu alipanga foleni ya sukari. Uchumi wa nchi nzima, nimeutundika kwenye kikapu cha bibi!

Ndipo nikaenda makumbusho, na nikasoma Azimio lenyewe. Nikakutana na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Nikafuatilia, nikakuta masharti hayo yalilegezwa kwa nchi nzima mwaka 1991, kwenye kikao cha chama tawala, CCM, kilichofanyika Zanzibar. Nikaandika: "Azimio lilikufa viongozi waliporuhusiwa kupangisha nyumba, si sukari ilipoadimika, kwa sababu wananchi walivumilia foleni wakiamini kwamba viongozi nao wamebanwa." Jamaa wa nyuma alinipinga mpaka kengele ikalia. Nilipata 14 kati ya 20. Chini ya "wakiamini" kulikuwa na wino mwekundu: "Umejuaje?"

3. "Kwa sababu" ikae ndani ya dai lenyewe, usiifiche ukurasa wa tatu.

4. Futa "wote", "kila" na "daima", labda uwe umewahesabu. Kuna mmoja ameandika kwamba madereva wote wa bodaboda hawana leseni. Kaka yake ni bodaboda, na leseni anayo. Ndiye aliyemleta tuisheni siku hiyo.

5. Andika dai, kisha andika utangulizi. Mkianza na utangulizi mnaishia kwenye sayansi na teknolojia.

Rasimu mpya Jumatano. Na wewe uliyeandika kwamba bodaboda zina faida na hasara, njoo nusu saa kabla ya wenzako.