Kufuatilia familia za walowezi wa Kenya: shika nambari ya shamba kwanza

Ukitaka historia ya familia ya mlowezi wa Kenya, iwe ni kwa sababu babu yako aliajiriwa huko au ni wajukuu wake waliokutumia barua kutoka Uingereza, usianze na jina la ukoo. Majina yatakuzungusha. Makaburu wa Uasin Gishu walirithishana: mtoto wa kiume wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binamu wanne wanaweza kuitwa jina moja, na wote ni wakulima kando ya Eldoret. Waingereza wakiandikwa kwenye orodha, utapata herufi mbili na jina la mwisho basi. Wanawake ndio hupotea kabisa, maana akishaolewa, mke huandikwa kwa herufi za mumewe.

Shamba halibadiliki hivyo. Lina nambari, mipaka na mkataba. Eldoret yenyewe ilijulikana kama 64, nambari ya shamba, kabla ya kupewa jina lake mwaka 1912. Ukiipata nambari, kila hati nyingine ina pa kuning'inia.

Mkataba usome kwa makini. Sheria ya ardhi ya 1902 ilitoa ukodishaji wa miaka 99, na ile ya 1915 ikafikisha miaka 999. Kwa hiyo muda ulioandikwa hukuambia ni sheria ipi iliyotumika, ingawa wapo waliobadilishiwa mikataba ya zamani. Kosa la kawaida ni kuichukua tarehe ya mkataba kuwa tarehe ya kufika. Wapima ardhi walikuwa wachache, na mtu aliweza kukaa muda mrefu kwenye hema au kibanda cha nyasi huku karatasi zake zikisubiri Nairobi. Kosa jingine: mwenye hati huenda si mtu. Shamba la kahawa la Karen Blixen pale Ngong lilikuwa la kampuni, kwa hiyo anayetafuta jina lake kama mmiliki wa ardhi anatafuta pasipo na kitu.

Baada ya hati, nenda kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Lilianza 1899, na matoleo mengi yamepigwa picha na kuwekwa Google Books, bure. Matangazo ya mirathi ndiyo yenye faida zaidi: jina kamili la marehemu, alipoishi, mara nyingi na siku aliyofariki. Yapo pia matangazo ya kufilisika na ya washirika wa biashara kuachana. Kompyuta husoma vibaya maandishi yaliyofifia, kwa hiyo tafuta jina kwa tahajia tatu au nne, kisha tafuta jina la wilaya peke yake na upekue kwa macho.

Kwa barua za serikali zilizoko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, London, kumbuka mwaka 1905. Kabla yake Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na majalada yake yako kwenye fungu la FO 2. Baada yake ilikuwa chini ya Wizara ya Makoloni, na majalada yako CO 533. Tena hadi 1902 Naivasha, Nakuru na Kisumu zilihesabiwa ndani ya Uganda, kwa hiyo karatasi za mwanzo kabisa za huko zitafute kwenye majalada ya Uganda.

Orodha za abiria zinawadanganya wengi. Zile za Uingereza (BT 27 kwa waliotoka, BT 26 kwa waliorudi) zinahusu bandari za Uingereza tu. Aliyepanda meli ya Kijerumani kutoka Marseille au Naples hayumo, na walowezi wengi wa mwanzo walitokea Afrika Kusini, wakapanda meli huko huko. Kundi la Makaburu lililoongozwa na Jansen van Rensburg mwaka 1908 lilishukia Mombasa, likapanda treni hadi Nakuru, kisha likapanda mlima kwa magari ya ng'ombe.

Kwa Makaburu hao kuna hati moja inayoshinda zote: fomu ya taarifa ya kifo katika majalada ya mirathi ya Afrika Kusini. Ina mahali pa kuzaliwa, majina ya baba na mama, ndoa, watoto mmoja mmoja, na mali iliyoachwa. Wengi walirudi Afrika Kusini uhuru ulipokaribia, kwa hiyo hata aliyeishi Kenya maisha yake yote ya kazi huenda fomu yake iko Pretoria au Bloemfontein. Angalia aliyetia saini. Kama ni mtoto, majina ya babu na bibi yaamini nusu.

Orodha za mashamba waliyogawiwa askari wa Kizungu wa Vita vya Kwanza mwaka 1919 zitumie kwa tahadhari. Mashamba zaidi ya 1,000 yaligawiwa, mengine kwa kura, lakini kupata shamba si kuhamia. Ukiona familia inauza kati ya 1920 na 1922, kabla ya kuandika kwamba mzee alikuwa mlevi, piga hesabu. Fedha ya Kenya wakati huo ilikuwa rupia, na rupia 15 zilikuwa pauni 1. Mwaka 1920 rupia ikafungwa kwenye shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Deni la rupia 5,000 likatoka kama pauni 333 hadi 500 bila mtu kukopa hata senti, na bei ya kitani, zao walilolima wengi wao, nayo ikaanguka wakati huo huo.

Sasa hadithi za nyumbani. Karibu kila familia hudai ilikuwa ya kwanza mahali pake, na kwamba ilikuta ardhi tupu. Dai la kwanza lipime kwa nambari za jirani. La pili lipime kwa tarehe: Wamaasai walihamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 1905, ndipo ardhi ya Wanandi ikakatwa. Shamba la Laikipia lililoanza 1913 halikuanza porini. Historia isiyoandika hilo ni tangazo la biashara.

Upande wa wafanyakazi hausomwi vya kutosha, na ndio unaofunga mianya. Kipande, kitambulisho cha lazima cha mfanyakazi Mwafrika kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza, kilikuwa na jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuachishwa. Kipande kimoja kilichobaki sandukuni kinaweza kuthibitisha kwamba mlowezi alikuwa shambani mwaka ambao wajukuu wake wanasema alikuwa ng'ambo. Ukiwahoji wazee, usitaje jina la Kizungu. Uliza Bwana waliyemwita nani, nyapara alikuwa nani, josho lilikuwa wapi, posho ilitolewa siku gani. Majina ya utani yaandike pamoja na jina la mto au kilima cha karibu, kwa sababu jina moja la utani liliweza kubandikwa Wazungu watatu.

Mashamba mengi yalinunuliwa na serikali na kukatwa vipande kuanzia 1962, na nambari za zamani zikafungwa. Tafuta ramani ya mpango wa makazi husika. Mpaka wa nje wa shamba la zamani kwa kawaida bado unaonekana kama barabara au safu ya mikaratusi.