Kijana unayetaka kuanza kuokota chupa, usilibebe polo hilo begani

Usilibebe. Umeuliza ununue glavu za aina gani, chupa umuuzie nani, na kama polo moja la kilo 70 kwa safari moja si bora kuliko mapolo mawili mepesi. Nitalishika hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lililonitoa kazini.

Nilikuwa nikiokota makopo na vyuma chakavu Mwanakwerekwe, hapa Unguja, na baadaye katika jaa la Kibele. Mnunuzi wangu alilipa kwa kilo na mizani yake ilikuwa mbali, basi kila siku akiniambia kwamba mgongo wa kijana hukomaa kwa mzigo kama kiganja kinavyokomaa kwa jembe. Maneno hayo yananichoma hadi leo, maana aliyeyasema sikumwona hata siku moja akinyanyua ndoo. Kiganja huota sugu. Uti wa mgongo hauoti. Baina ya pingili zake mna visahani laini vinavyopokea uzito, na unapoinama miguu ikiwa imenyooka, ukanyanyua kutoka chini na papo hapo ukajipinda ili ulitupe polo begani, kisahani hubanwa upande mmoja, kikaweza kutokeza au kuchanika na kuugandamiza mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni.

Ndivyo ilivyonifika asubuhi moja ya masika. Polo lilikuwa limelala mvuani, nami nikalinyanyua kwa kipimo cha jana yake. Nilihisi moto ukitoka kiunoni, ukipita pajani, hadi kidole gumba cha mguu. Nikaenda kuchuliwa, nikafunga kanga kiunoni, na siku ya tatu nikarudi jaani kwa sababu nilikuwa nadaiwa. Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwa miezi mitano sikuweza kurukuu wala kusujudu. Nilisali juu ya kiti, na mke wangu ndiye aliyenivalisha viatu. Wanaotaka kuniambia hapa kwamba wao wana nguvu, waje na migongo yao baada ya masika matatu, tuzungumze.

Polo lisijazwe kupita nusu, wala lisinyanyuliwe kutoka chini. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, katika kanuni yake ya mwaka 1991 iliweka kilo 23 kuwa kikomo hata pale mzigo ulipo karibu na mwili, unashikika vizuri na mbebaji hajipindi. Polo la jaani halitimizi hata sharti moja. Mwaga maji yaliyobaki katika chupa, kwani lita moja ni kilo moja. Kodini rikwama wawili, mlijaze polo likiwa tayari juu yake.

Ukipata ganzi baina ya mapaja au mkojo ukakataa kutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, si kwa mchuaji.

Umesema unaanza Jumamosi. Ijumaa lipeleke polo lako kwenye mizani ya duka, kisha uniandikie hapa limesoma kilo ngapi.