Moshi wa briza: kabla hujashusha injini

Wewe uliyeanza juzi kwenye malori, siku moja utaletewa dizeli ya zamani inayofuka moshi kwenye briza, yaani bomba la kupumulia tumbo la injini, na dereva atakuwa ameshaambiwa ringi za pistoni zimekwisha. Usikubali haraka. Mimi nilikubali. Tukashusha injini, tukatoa pistoni zote sita, na nilipomulika tochi kwenye silinda ya kwanza nikakuta mistari ya honi, ile mikwaruzo ya kunolea silinda, bado inaonekana wazi, imekatizana tangu chini hadi karibu na juu. Ringi zilikuwa nzima. Tulipofunga na kuwasha, moshi ukawa uleule. Kumbe hewa iliyokuwa ikijazana kwenye tumbo la injini ilitoka kwenye kompresa ya breki. Siku za kazi za mwenye lori zilipotea kwa uzembe wangu, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Gesi kidogo hupita kwenye ringi za kila injini, hata mpya. Kwa hiyo pima wingi wake, kisha tafuta ilikopitia. Pima injini ikiwa moto, maana asubuhi ya baridi mvuke mweupe ni unyevu tu na huisha wenyewe. Anza na briza: ikiziba, presha hupanda, oili ikaanza kuvuja kwenye sili na dipstiki ikasukumwa juu, kumbe injini haina ubaya wowote. Angalia pia kama oili imezidi au inanuka dizeli.

Wengi hugeuza kifuniko cha oili na kukilaza juu ya tundu waone kama kitarushwa. Ni dokezo, lakini usihukumu injini kwa hilo peke yake. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje kama herufi U, utie maji, uunganishe na bomba la dipstiki. Soma tofauti ya maji, ulinganishe na kitabu cha injini hiyo.

Sasa tenga kimoja kimoja. Weka vigingi kwenye matairi, toa upepo wote kwenye matangi, kisha fungua bomba la kompresa la kutolea upepo ili isibebe mzigo. Moshi ukipungua, umempata mwizi. Kwa turbo, elekeza oili yake ya kurudi kwenye ndoo, ziba tundu la kwenye bloku, uache injini iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta kwa muda mfupi sana.

Moshi ukitoka kwa mapigo, puf, puf, shuku silinda moja. Kwenye pampu za zamani legeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya moja; mapigo yakilegea, silinda ni hiyo. Funika nati kwa kitambaa na uweke mikono mbali, dizeli yenye presha hutoboa ngozi. Kwenye komoni reli, zile injini ambazo bomba moja la presha hulisha nozeli zote, usijaribu kabisa: presha yake huweza kupita baa 1,000.

Mwisho, ingiza upepo kwenye silinda pistoni ikiwa juu kabisa na vali zote zimefungwa. Ukisikika kwenye tundu la oili, ni ringi au pistoni. Kwenye ekzosi, vali. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi au hedi.

Na kama kweli ni ringi, kabla ya kufunga mpya pangusa kwa kitambaa cheupe ndani ya mpira unaotoka filta ya hewa kwenda turbo. Kikitoka na vumbi, badili mpira na klampu zake kwanza, la sivyo hata hizo mpya zitasagwa.